Masika Kambale Yuko Miguuni Pako: Mwongozo Kamili wa Kuvua kwa Ndoano Ukingoni mwa Nyumba ya Mungu

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu mwishoni naanza kupigiwa simu. Mtu katoka Moshi mjini jumamosi asubuhi, kashuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na fimbo yake nzuri kabisa ya kuvulia, kakaa kutwa, jioni karudi mkono mtupu, na maelezo ni yale yale, "kaka nimetupa mbali mpaka bega linauma, hata kuguswa sijaguswa." Wiki inayofuata anapiga mwingine na yeye ivo ivo. Nimeshajibu mmoja mmoja vya kutosha, sasa naandika yote hapa, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujafunga safari.

Kosa ni moja na mnalirudia wote: mnatupa mbali mno. Masika kambale hayuko katikati ya bwawa. Yuko kwenye nyasi zilizofunikwa na maji juzi, maji ya magoti tu, mita tatu nne kutoka uliposimama, na wewe unamrushia chambo juu ya mgongo kinaenda kutua asikokuwepo. Kiangazi sawa, tupa mbali. Masika hapana.

Yote yanayofuata nimeyafanya kwa mikono yangu upande wa Lang'ata pale bwawani na kwenye vighuba vya jirani, ila yatakusaidia kwenye bwawa lolote linalojaa kwa mvua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Fimbo ngumu ya mita mbili hivi yenye rili, au mshipi wa mkono umezungushiwa kwenye chupa tupu ya soda. Usidharau mshipi wa mkono, kwenye uvuvi huu wa karibu unatosha kabisa na unamsikia samaki moja kwa moja kidoleni.
- Uzi wa nailoni wa paundi 30, yaani unaohimili uzito huo kabla haujakatika, mita 50 zinatosha. Wembamba acha, hizi nyasi zitaukata.
- Ndoano kumi, ukubwa ambao uwazi wa mdomo wake unaingia kidole chako gumba. Ziwe mpya, au uzinoe kwa tupa mpaka zikikwaruza ukucha zinashika badala ya kuteleza.
- Chubwi, yaani vile vizito vidogo vya risasi vya kuzamisha uzi, zenye tundu katikati, na vile vipete vya chuma vinavyozunguka vya kuungia uzi.
- Maboya mawili. Hata kipande cha kandambili chakavu au kizibo cha chupa ya mvinyo kinafanya kazi.
- Koleo lenye mdomo mrefu, kisu, kitambaa kizito au glavu za bustani, kirungu kifupi.
- Gunia la katani au kiroba kikubwa cha kuwekea samaki. Ndoo pia sawa.
- Tochi ya kichwani, gambuti, koti la mvua, dawa ya mbu.
- Vijiti vitano vilivyochongwa ncha, kama vya kufungia mbuzi. Kazi yake utaiona mbele.
- Leseni. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya safari, ulize leseni na ulize pia kama bwawa liko wazi, kwasababu kuna vipindi serikali inafunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ukifika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, jitambulishe kwa viongozi wa wavuvi. Wale ndio wanajua leo mamba kaonekana wapi.

Kwanza kabisa mamba, kiboko na kichocho

Hii sehemu msiiruke. Nyumba ya Mungu ina mamba na ina viboko, na uvuvi ninaokufundisha ni wa pembeni kabisa mwa maji, yaani pale pale mamba anapowindia.

Usiingie majini hata kidogo, hata kama ndoano imenasa na unaiona kabisa pale. Kata uzi. Ndoano ni hela ndogo.

Simama angalau mita tatu nyuma ya maji, sehemu tupu unayoona pande zote, siyo katikati ya matete. Usikae sehemu ile ile siku tatu mfululizo saa zile zile, mamba anajifunza ratiba yako. Usioshe samaki wala kutupa utumbo pale unapovulia, na usifunge samaki kwa kamba ukamwacha majini karibu na miguu yako kama nilivyoona vijana wawili wanafanya mwaka juzi, hapo umemwandalia mamba meza na wewe umekaa pembeni ya meza.

Kiboko yeye jioni anatoka kula majani. Ukiona njia pana iliyolainishwa kutoka majini kwenda juu, ina mifereji miwili na nyasi katikati, hiyo ni njia yake, hama. Usisimame kati ya kiboko na maji.

Kichocho kipo kwenye maji mengi yaliyotulia huku kwetu, ndiyo maana nasema gambuti hata kama unakanyaga tope tu. Na radi zikianza weka fimbo chini, nenda kakae kwenye gari au nyumba, siyo chini ya mti ulio peke yake.

Usiku wa manane mimi sivui, hata kama kambale anakula zaidi usiku. Saa ninazokupa hapa chini zinatosha.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mlima, siyo kalenda

Watu wanachagua jumamosi kwasababu ni jumamosi. Kambale hajui jumamosi, anajua maji mapya.

Bwawa linapokea mto Kikuletwa upande mmoja na mto Ruvu upande mwingine. Mvua ikinyesha usiku kucha Machame na Kibosho, juu kule Kilimanjaro, mito ya Weruweru na Karanga inajaa, yote inaishia Kikuletwa, na baada ya muda yale maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaingia bwawani. Yanabeba nyungunyungu, wadudu, mbegu, vyura, kila kitu kilichosombwa mashambani. Na maji yakipanda yanafunika nyasi zilizokuwa nchi kavu, kambale anaingia humo kula, na wale waliokomaa wanaingia kutaga.

Kwaiyo siku nzuri ni siku ya pili mpaka ya nne baada ya mvua kubwa milimani, maji bado yanapanda au yamesimama. Yakianza kushuka kambale anarudi nyuma haraka, hataki kukwama kwenye dimbwi. Na kumbuka maji haya yanafunguliwa pia kwenda kwenye mitambo ya umeme, hapo hapo kwenye bwawa na kule chini Hale na Pangani, kwaiyo yanaweza kushuka hata kama kwenu Moshi bado inanyesha.

Utajuaje? Ndiyo kazi ya vijiti. Ukifika tu choma kijiti kimoja pale pale maji yanapoishia. Baada ya saa moja angalia. Kama kijiti kimeingia majini, hata upana wa kidole, uko siku sahihi. Kama kimebaki juu kwenye tope, usivue kwenye nyasi, nitakwambia mbele pa kwenda.

Saa: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kukianza kupambazuka mpaka saa tatu asubuhi, alafu saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Siku ya mawingu mazito na maji ya tope unaweza kuvua hata mchana, kambale anatumia zaidi sharubu kuliko macho, giza la tope kwake ni kama jioni tu.

Ukitoka asubuhi Moshi ukafika pale saa nne jua linawaka, umeshachelewa, na hapo ndipo wengi mnapoangukia.

Hatua ya 2: Tafuta nyasi zilizozama, alafu nyamaza

Usitoe fimbo kwenye gari kwanza. Tembea ukingoni taratibu, mita kumi nyuma ya maji, dakika ishirini nzima, unaangalia tu. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza, majani ya nchi kavu yaliyosimama majini. Siyo matete ya siku zote, hayo yapo mwaka mzima. Nataka yale majani ambayo wiki mbili zilizopita mbuzi alikuwa anayala. Ukiona ncha za majani mabichi zinatoka juu ya maji ya magoti, hapo ni jikoni kwa kambale.

Cha pili, njia ya kuingilia. Kambale haingii popote tu, anafuata mfereji, mkondo wa zamani wa ng'ombe kunywea maji, kijito kidogo kinachoingia. Sehemu ambayo kina cha magoti kinakutana na kina cha kiuno ndiyo mlango. Vua mlangoni.

Cha tatu, yeye mwenyewe. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, kwaiyo kila baada ya muda anapanda anachukua pumzi anashuka. Unaona duara kwenye maji, wakati mwingine unasikia kabisa kama mtu kabusu, alafu vipovu vinafuata. Ukiona majani yanatikisika bila upepo, mstari unaosogea, huyo anatembea humo. Mara ya kwanza ukiona utabishana na macho yako kwasababu maji yenyewe ni mafupi mno.

Nimesema nyamaza na namaanisha. Kambale ana sikio zuri sana, pulizo lake la hewa limeunganishwa na sikio kwa vifupa vidogo, anasikia kishindo cha miguu, mlango wa gari, mziki. Kundi la watu sita na spika ya blututhi wanaweza kuvua kiangazi mita hamsini ndani ya bwawa, masika kwenye nyasi hapana, wanamfukuza kabla hawajafungua maboksi.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuninyooshea kidole ukasema, pale, nimemuona amepumua mara mbili. Kama hujaona kitu dakika ishirini nenda mbele mita mia uanze upya. Watu wanaona hii ni kupoteza muda. Mimi saa moja ya kutembea imenipa samaki wengi kuliko saa tano za kukaa.

Hatua ya 3: Funga uzi

Kwenye nyasi zenyewe tumia boya. Boya, alafu chubwi ndogo sana, alafu ndoano sentimita ishirini chini yake. Pima kina ili chambo kilale chini kabisa na boya lilale kidogo upande, siyo lisimame wima. Kambale anakula chini, chambo kinachoning'inia katikati kinaliwa na perege wadogo.

Kwenye mlango, pale kina kinapozidi, toa boya. Pitisha uzi kwenye tundu la chubwi iteleze huru, funga kipete, alafu kutoka kipete weka uzi wa sentimita thelathini na ndoano mwisho. Chubwi iteleze ili samaki akichukua chambo asisikie uzito. Akisikia uzito anatema, na wewe utasema bwawa halina samaki.

Fundo, maana nusu ya simu za "amekata uzi" ukiziangalia uzi haujakatika, fundo limefunguka. Kunja uzi mara mbili urefu wa kiganja. Pitisha kunjo kwenye tundu la ndoano. Piga fundo moja la kawaida kama la mwanzo la kamba ya kiatu, usikaze. Chukua lile kunjo, lipanue, pitisha ndoano yote katikati yake. Lowesha kwa mate, vuta taratibu pande zote mbili mpaka likae. Kulowesha ni lazima, nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na inabaki dhaifu.

Jaribu: nasa ndoano kwenye kigogo, zungushia uzi kwenye kitambaa mkononi, vuta kwa nguvu zako. Kama halijaachia hapa halitaachia kwa kambale wa kilo tatu.

Hatua ya 4: Chambo kinachonuka na kisichotoka

Kambale ana sharubu nane na zote zinaonja. Mwili wake nao unaonja. Kwaiyo rangi ya chambo haina maana, mng'aro hauna maana kubwa, harufu ndiyo kila kitu.

Namba moja kwangu ni nyungunyungu wa kihambani. Nenda kwenye migomba, chini ya mbolea ya ng'ombe iliyokaa, chimba asubuhi, weka kwenye kopo lenye udongo ule ule na majani mabichi ya mgomba juu. Ndoano moja chomeka watano sita, kila mmoja mara mbili tu katikati, ncha zibaki zinacheza. Mmoja mmoja usiweke, utalisha dagaa na perege wachanga kutwa nzima.

Namba mbili utumbo wa kuku. Unapatikana popote wanapochinja kuku, mgumu, haukatiki ndoanoni, na ukikaa juani nusu siku harufu yake inafika mbali. Perege wadogo hawauwezi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Maini ya ng'ombe ni mazuri kuliko yote kwa harufu ila yanatoka kwenye ndoano ukitupa. Dawa yake, yakate vipande vya ukubwa wa kibiriti, nyunyizia chumvi ya kutosha, yaache usiku kucha kwenye kopo, asubuhi yamekakamaa. Alafu yafunge na uzi wa cherehani mizunguko minne.

Wavuvi wengine wanatumia sabuni ya kipande. Inavua kweli, inapendwa kwenye mishipi mirefu ya ndoano nyingi, lakini mimi kwa uvuvi huu wa ndoano moja sijaona sababu ya kuacha nyungunyungu nikatupa sabuni kwenye maji ambayo watu wanachota.

Alafu kuna cha kumwita. Changanya pumba za mahindi na machicha ya mbege (pombe ya ndizi), kama unapata, finyanga tonge za ukubwa wa chungwa na udongo kidogo ili zizame. Tupa tatu tu pale mlangoni nusu saa kabla. Tatu, siyo kumi. Ukimshibisha hana haja na ndoano yako.

Onyo moja dogo linaloharibu siku nzima: mikono yenye dawa ya mbu au petroli ya bodaboda. Paka dawa kwa mgongo wa mkono, alafu sugua viganja kwa tope kabla hujagusa chambo. Mbu usiwaache, huko chini malaria ni ya kweli, ila viganja viwe visafi.

Hatua ya 5: Kutupa, au tuseme kuweka

Hapa ndipo penyewe. Usitupe kwa mkono wa nyuma ya kichwa. Shika fimbo mbele, bembeza chambo kama unampa mtu kitu, kiachie kitue mita moja pembeni ya pale ulipomuona amepumua. Siyo juu yake, pembeni. Kikitua juu yake anakimbia, kikitua pembeni anageuka kutafuta.

Tafuta tundu kwenye nyasi, sehemu wazi hata ukubwa wa beseni. Chambo kikilala juu ya majani hakijafika chini, kiinue kidogo mpaka kianguke.

Ukishaweka, acha. Usikivute kila dakika kuangalia kama kipo. Kila ukikivuta unaondoa ile harufu iliyoanza kusambaa na unaanza sifuri. Utumbo wa kuku mpe dakika ishirini na tano. Nyungunyungu dakika kumi na tano kwasababu wadogo wanawala.

Kama una fimbo mbili, moja nyasini moja mlangoni. Ukiona mlangoni kunaliwa na nyasini kimya, samaki hawajaingia bado au wameshaanza kutoka, angalia kijiti chako.

Hatua ya 6: Akigusa usivute

Wengi mnamkosa hapa. Boya linatikisika, mtu anaruka juu na fimbo, hewa.

Kutikisika ni perege au ni kambale anaonja kwa sharubu. Subiri. Kambale akishaweka mdomoni anageuka anaondoka nacho, boya linalala na kuteleza upande mmoja kama linavutwa na mtoto, au linazama taratibu na halirudi. Kwenye uzi usio na boya utaona uzi unakaza, unatembea, siyo kudonolewa tu. Hapo hesabu moja mpaka tatu, alafu kaza kwa nguvu kwa kuinua fimbo upande, siyo juu. Mdomo wake ni mfupa na ngozi ngumu, ndoano butu haiingii, ndiyo maana ya ile tupa ya kunolea.

Kama ndoano zako ni zile za duara ambazo ncha imeingia ndani, usikaze kabisa, zungusha rili tu, inajinasa yenyewe kwenye kona ya mdomo. Kwa anayeanza hizi ni nzuri, samaki hamezi mpaka tumboni na unaweza kumwachia akiwa mzima.

Akishanasa mtoe nyasini mara moja, usimpe nafasi. Huu siyo uvuvi wa kumchosha samaki taratibu, akizungusha uzi kwenye mashina matatu amekwenda. Mvute kwa mfululizo, rudi nyuma kwa miguu huku unavuta, mtelezeshe mpaka nchi kavu mita tano kutoka majini. Kurudi nyuma kunakusaidia mara mbili, samaki anatoka na wewe unakuwa mbali na maji wakati anapiga kelele za mkia, maana ule mchapo mamba anausikia.

Hatua ya 7: Kumshika bila kuchomwa

Kambale ana miiba miwili, mmoja kila pembeni nyuma ya kichwa, yenye meno kama msumeno mdogo. Akikaza mapezi yanasimama na hayarudi. Rafiki yangu mmoja alichomwa kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono ulivimba siku nne.

Tupa kitambaa juu yake, bonyeza kichwa chini, alafu shika kwa juu nyuma kidogo ya kichwa, vidole viwe nyuma ya miiba, siyo mbele. Anateleza vibaya, bila kitambaa usijaribu. Ndoano itoe kwa koleo, vidole mdomoni usiingize, ana kanda za vijino vidogo vingi zinazokwaruza kama msasa.

Ukichomwa, kamua damu itoke, osha kwa maji safi na sabuni, na kama hujawahi kuchanjwa pepopunda nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Nani umchukue, nani arudi

Hii ni sehemu naomba mnisikilize kwa moyo. Tunavua msimu wa kutaga, na tunawavua pale pale wanapotagia. Samaki mmoja jike mkubwa ana mayai makumi elfu, anayabandika kwenye yale majani, na ndani ya siku moja hivi au moja na nusu yanaanguliwa. Ukimchukua huyo umechukua bwawa la mwaka keshokutwa.

Kuwatofautisha ni rahisi. Mgeuze tumbo juu, angalia nyuma kidogo ya tundu la haja. Dume ana kijinyama kirefu chenye ncha. Jike ana cha mviringo, kifupi, na msimu huu kinakuwa chekundu, tumbo limejaa laini. Jike mwenye tumbo rudisha. Mimi nachukua madume wa kilo moja mpaka tatu, wawili au watatu wa kula, basi. Wadogo wa chini ya mkono mpaka kiwiko warudi.

Kumrudisha usimtupe kama jiwe, na usiende kupiga magoti majini. Mtelezeshe kwenye tope lenye maji ukiwa mbali, kambale anajua kutambaa, atafika mwenyewe. Wanaweza kukaa nje ya maji muda mrefu kwasababu ya kile kiungo cha hewa, alimradi ngozi imelowa.

Unayemchukua usimwache ahangaike guniani saa nne. Kirungu, pigo moja zito juu ya kichwa nyuma ya macho. Fuvu lake ni gumu, kwaiyo piga kwa kumaanisha. Alafu gunia lililoloweshwa, kivulini.

Kama una mtumbwi

Unaweza kukokota chambo. Mtu mmoja anapiga kasia polepole sana, mwendo wa mzee anayetoka kanisani, sambamba na ukingo wa nyasi kwa nje, mwingine ameshika uzi mita kumi na tano nyuma ya mtumbwi ukiwa na kipande cha utumbo kirefu au kijiko kidogo cha chuma kinachozunguka. Chambo kiwe karibu na chini, kama hakigusi majani mara moja moja uko juu mno. Ukiguswa acha kupiga kasia kwanza, alafu kaza.

Inafanya kazi zaidi maji yakianza kushuka, kambale wanapotoka nyasini na kukaa nje ya mlango. Hii ndiyo ile sehemu niliyosema ya kwenda kijiti kikibaki juu. Kama huna mtumbwi siku hiyo, tumia ule uzi wa chubwi inayoteleza mita kumi nje ya nyasi, hapo ruhusa kutupa mbali kidogo.

Laifujaketi kwa kila mtu, mvuvi mwenyeji awemo, na palipoonekana kiboko msipite kabisa.

Ukiona hakuna kitu

Chambo kinarudi kimeliwa ndoano tupu: ni wadogo, hamia utumbo wa kuku. Boya linatembea ukikaza hutoki na kitu: ndoano butu, au unakaza mapema. Unaona wanapumua ila hawali: wako kwenye shughuli ya kutaga, waache, hamia mlangoni au rudi kesho. Huoni pumzi, huguswi, maji masafi unaona mpaka chini: mvua haijafika, na hakuna ujanja wa chambo utakaobadilisha hilo, funga vitu uende nyumbani mapema.

Nyumbani

Ute ndio unaobeba harufu ya tope. Msugue kwa majivu ya jikoni au chumvi ya mawe mpaka ngozi ikwaruze, osha, rudia tena. Toa utumbo na ile mistari myekundu ya damu kando ya uti wa mgongo. Mkate, loweka kwenye maji ya limao na chumvi nusu saa. Mkaange kwanza kidogo ndipo umuunge na nyanya na nazi, akiingia mbichi kwenye mchuzi anasambaratika.

Kabla hujaondoka ukingoni

Okota nailoni yote uliyokata, ndege na ng'ombe wanajinasa. Kusanya vijiti vinne, cha tano kichome pale maji yalipofika saa hiyo unayoondoka, mpe namba yako ya simu mvuvi wa pale mwaloni umwombe akupigie kijiti kikizama. Siku akikupigia, hata kama ni jumanne, omba ruhusa kazini.